Heathrow hadi Paddington: msikimbilie treni ya kasi

Msomaji wetu wa Langoni, Lamu, ameniandikia hivi:

"Assalaam alaykum. Mwezi wa sita, inshallah, nasafiri na mamangu kwenda Cardiff. Dadangu amejifungua na mama anakwenda kumtunza hadi atoke arobaini. Tutashuka Heathrow, Terminali 4, saa kumi jioni, na nataka mama apumzike London siku tatu kwanza. Chumba nimekipata Sussex Gardens, karibu na stesheni ya Paddington. Binamu yangu asema tupande Heathrow Express, dakika kumi na tano tu tumefika mjini. Wengine wasema teksi. Mama ana miaka sitini na saba, goti lamuuma, na treni hajapanda ila SGR mara moja. Je, hiyo treni ya kasi ina thamani ya pesa zake? Na hapo karibu na stesheni pana cha kuona, au ni mahali pa kupita tu?"

Wa alaykumu salaam, mwanangu, na hongera kwa mtoto. Kwa safari yenu hii, treni ya kasi haina thamani ya pesa zake. Na hapo Paddington pana mengi, hata siku tatu hazitawatosha.

Nimekaa miaka mingi hapa Malindi nikiwapangia watu safari, na kosa ninalolikuta mara kwa mara ni hili: mtu huhesabu dakika za treni akasahau dakika za miguu. Wewe wa Lamu walijua jambo hili kuliko mtu wa Nairobi. Ndege ikitua Manda, bado hujafika. Kuna kuteremka na mizigo hadi gatini, kuna kungoja mashua ijae, kuna mkondo wa kuvuka, halafu kuna kumtafuta mwenye punda au mkokoteni akubebee masanduku hadi mlangoni. Mashua ya injini kubwa itakuvusha upesi, naam, lakini ikikushusha mbali na kwenu, ile kasi imekufaa nini? Basi safari ya Heathrow ihesabu hivyo hivyo, tangu mlango wa ndege hadi mlango wa chumba.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Heathrow Express haifiki Terminali 4. Huanzia Terminali 5, hupita kituo cha Terminali 2 na 3, ndipo ikimbie bila kusimama hadi Paddington. Zile dakika 15 anazozisema binamu yako ni za kutoka kituo hicho cha 2 na 3. Ninyi mtakuwa Terminali 4. Itabidi kwanza mpande treni nyingine kwenda kituo hicho, treni ya bure kati ya terminali, mshuke, mtafute jukwaa, mngoje, mpande tena. Kwa mtu mwenye goti bovu na masanduku ya mgeni wa arobaini (na nawajua akina mama wa Lamu, hawendi kwa mzazi mikono mitupu), kushuka na kupanda kule kumoja kunakula dakika zote mlizolipia.

Na mmezilipia ghali. Tiketi ya siku hiyo hiyo imekuwa pauni 25 kwa kila mtu. Ukinunua wiki nyingi mbele bei hushuka sana, lakini hapo umefungwa na tarehe uliyoichagua.

Treni yenu ni ile ya Elizabeth Line, yenye alama ya zambarau. Ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022, na inaingia Terminali 4 yenyewe. Mkitoka forodhani mfuate alama hiyo, mshuke kwa lifti, na mpande treni iendayo mjini. Itasimama vituo kadhaa njiani, na kwa nusu saa hivi mko Paddington. Nauli yake ni kama nusu ya ile ya kasi, au zaidi ya nusu kidogo. Lililo kubwa kwa mamako ni kwamba vituo vyote vya Elizabeth Line vina njia isiyo na ngazi kutoka barabarani hadi jukwaani. Hatapanda hata ngazi moja.

Kuna na reli ya tatu, Piccadilly, ya bei nafuu kuliko zote. Tangu 1977 inafika Heathrow. Kwenu haifai, maana haipiti Paddington, na mabehewa yake ni membamba, masanduku hukaa baina ya magoti ya watu.

Teksi je? Ile nyeusi ya mita itaanzia pauni 60 hivi na mara nyingi hupita hapo, na jioni njia ya kuingia London hujaa magari. Lakini nisikufiche: mamako akishuka akiwa hoi, macho yamemwiva na mguu umevimba, panda teksi wala usitazame pesa. Treni ni ya mtu anayeweza kusimama dakika kumi. Na kabla ya siku ya safari, piga simu shirika la ndege, angalau saa 48 kabla, uombe kiti cha magurudumu. Watu wetu huona haya kukiomba. Hakuna haya. Kutoka mlango wa ndege hadi uhamiaji Heathrow ni mwendo mrefu, na mwenye kiti husukumwa hadi nje.

Malipo ni kwa kugusa kadi langoni, kadi ya benki yenye alama ya Visa au Mastercard, mnapoingia na mnapotoka. Kila mtu kadi yake; kadi moja haiwezi kuwapitisha wawili. Mamako kama hana, mnunulie tiketi mashineni au kadi ya Oyster, ile ya usafiri wa London ya kutiwa pesa kwanza. Na ukiingia kwa kadi usitoke kwa simu, hata kama simu imeunganishwa na kadi hiyo hiyo, kwa sababu mashine huona ni watu wawili tofauti na hutoza nauli ya adhabu mara mbili. M-Pesa usiitegemee kule.

Saa zao pia mfundishe mama mapema. Ubao wa treni ukiandika 16:25, hiyo ni saa kumi na dakika ishirini na tano kwetu. Mwezi wa sita London iko nyuma ya Kenya kwa saa mbili, na jua huchelewa kutua mno: Maghribi huingia kama saa tatu na robo usiku. Mtu aliyezoea Maghribi ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima atakaa dirishani akijiuliza siku hii ina nini. Na kibla, mwanangu, kimegeuka. Lamu mnaelekea kaskazini. London mtaelekea kusini mashariki. Nimemwona mzee mmoja akisali siku mbili nzima kuelekea kaskazini kwa mazoea, na aliumia moyo alipojua. Mwambie mamako kabla hajatandika msala.

Mkiwa ndani ya treni, mkalishe upande wa dirisha. Njia hii si ya chini ya ardhi moja kwa moja. Ikishatoka uwanjani hupita juu, nyuma ya nyumba za watu, penye bustani ndogo na nguo zimeanikwa. Kituo kimoja kinaitwa Southall. Mwonyeshe ubao wa jina: umeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kipunjabi. Nitalirudia jambo hilo.

Haya, mmefika Paddington. Hapa ndipo nataka uwe makini, maana hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kuhangaika. Mara yangu ya kwanza kwenye stesheni kubwa ya Ulaya nilikuwa na shangazi yangu, na tulizunguka karibu saa nzima ndani kwa ndani, sanduku mkononi, nikidhani mlango ni mmoja. Stesheni ya namna ile ina milango mingi, na kila mlango hutokea mtaa mwingine. Sisi wa Pwani SGR imetuzoeza vingine: unashuka Miritini, mlango mmoja, nje matatu zinakungoja, na Mombasa yenyewe bado iko mbali. Paddington imo katikati ya mji. Ukitoka mlango usio wako umeingia mtaa usio wako.

Kwa hiyo shika milango mitatu. Elizabeth Line hukutoa Eastbourne Terrace, ubavuni mwa stesheni. Mbele, penye hoteli kubwa ya zamani, ni Praed Street. Na upande wa pili, nyuma ya majukwaa, kuna mlango unaotokea kwenye mfereji wa maji wa kupita mashua. Kwenda Sussex Gardens, tokeni Eastbourne Terrace, mtembee hadi Praed Street, mvuke, mshike London Street moja kwa moja. Si mbali, hata kwa mwendo wa mama. Lamu mtu akipotea husemwa ateremke tu, kila kichochoro kinachoteremka kitamtoa pwani. Hapa hakuna mteremko wa kukuongoza, basi ifanye stesheni iwe pwani yako: popote utakapokuwa, ulizia Paddington Station, na ukishafika Praed Street umejua ulipo.

Jambo moja kuhusu chumba. Nyumba za Sussex Gardens na Norfolk Square ni nyumba za familia za karne ya kumi na tisa zilizogeuzwa hoteli. Nyingi ni nyembamba, ghorofa nne au tano, ngazi zimesimama wima kama za nyumba zenu za Mkomani, na baadhi hazina lifti. Waandikie leo. Uliza lifti ipo au haipo, na kama haipo omba chumba cha chini. Usikubali jibu la "ghorofa ya kwanza", kwa sababu kwao ghorofa ya kwanza ni ile ya juu ya ile ya chini.

Sasa mtaa wenyewe. Ungekuwa na siku moja tu ningekupeleka mfereji ule kabla ya yote. Umeniambia mama ana goti bovu. Hujaniambia watu wake ni wa kazi gani, lakini mtu wa kisiwa chenu hakosi jamaa fundi wa jahazi Matondoni, au nahodha, au mvuvi. Tokeni kwa ule mlango wa nyuma, mgeuke kushoto, mfuate njia ya kando ya maji. Ni tambarare yote. Mtapita chini ya barabara kubwa ya juu, yenye kelele, na baada ya dakika kumi au kumi na tano maji yatapanuka yawe kama ziwa dogo lenye kisiwa cha miti katikati. Hapo panaitwa Little Venice. Mfereji wa Paddington ulifunguliwa 1801, wakati mizigo ya London ilipokuwa ikivutwa na farasi wakitembea kwenye njia hiyo hiyo mtakayopita ninyi: farasi huku nchi kavu, kamba ndefu, na mashua kule majini.

Mashua zile bado zipo, na watu wanaishi ndani yake. Ni nyembamba ajabu, upana wa mita mbili na kidogo, kwa sababu milango ya maji ya mifereji ya zamani, ile ya kupandishia na kushushia mashua, ilijengwa kwa kipimo hicho na chombo kikizidi hakipiti. Lakini urefu wake waweza kufika mita ishirini. Chuma tupu, chini bapa, hakuna mkuku, hakuna tanga. Mtu wa jahazi atacheka kwanza, kisha atanyamaza na kuanza kutazama: jiko la kuni lina bomba la moshi juu, vyungu vya maua vimepangwa kwenye paa, majina yamechorwa ubavuni kwa rangi nyekundu na kijani. Nasi tuna ada ya kupamba chombo. Tena wenye mashua wasiokuwa na mahali pao pa kudumu pa kufunga hawaruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Lazima wang'oe wasogee. Mama mmoja wa Faza niliyemwambia hayo alisema, basi hao ni mabaharia wa barabarani. Kuna vyombo vya abiria kutoka hapo kwenda Camden, vinapita ndani ya handaki na kando ya bustani ya wanyama. Mpandishe mama. Atakaa, goti litapumzika, na atakuwa majini.

Kwa chakula, shikeni Praed Street kuelekea mashariki hadi mwisho wake. Mtakutana na Edgware Road, barabara iliyonyooka kama rula kwa kuwa msingi wake ni njia ya Warumi. Upande wa kusini wa barabara hiyo ni mtaa wa Waarabu wa London: Walebanoni, Wairaki, Wamisri, Waghuba. Vibao ni vya Kiarabu, nyama ni halali, mkate unatoka tanurini mbele ya macho yako, na maduka hayafungi mapema. Mama atakuta tende, halua, udi na kahawa yenye iliki. Bei ni za London, lakini sahani moja ya wali na nyama huwatosha wawili. Epukeni tu kukaa meza za nje jioni kama moshi wa shisha unamkera.

Mkirudi kwa Praed Street hiyo hiyo, mpite polepole mbele ya hospitali ya St Mary's. Ukutani kuna kibao. Katika chumba cha juu ya barabara ile, mwaka 1928, Alexander Fleming aliona ukungu umeua vijidudu kwenye kisahani chake, na ndiko ilikotoka penisilini. Mtu yeyote aliyewahi kudungwa sindano hiyo zahanati ana cha kusimama nacho hapo dakika moja. Na hapo hapo Paddington ndipo ilipoanzia reli ya chini ya ardhi ya kwanza duniani: tarehe 10 Januari 1863 treni ya moshi iliondoka Paddington kwenda Farringdon kupitia handakini, abiria wakikohoa njia nzima. Treni za umeme zapita njia hiyo hadi leo.

Hyde Park iko dakika kama kumi kusini mwa chumba chenu. Nzuri, kubwa, benchi tele. Sina zaidi la kusema.

Msikiti mkubwa ulio karibu ni ule wa Regent's Park, wenye kuba la dhahabu, uliokamilika 1977. Kwa miguu ni mbali kwa mama. Nendeni kwa basi. Mabasi mekundu hayapokei pesa taslimu tangu 2014, ni kadi tu, na nauli moja inakupa kupanda basi jingine ndani ya saa moja bila kulipa tena. Msikitini wanawake wana sehemu yao juu, wakiona ukumbi wote chini. Ijumaa wahini.

Nilisema nitarudi Southall. Nikipewa siku yako ya tatu, nisingeipeleka kwenye majumba ya wafalme. Ningerudi kwenye treni ile ile ya zambarau. Uzuri wa Elizabeth Line kwa mgeni wa nchi si upesi wake, ni kwamba imetunga mitaa ya watu mbalimbali kama shanga kwenye uzi mmoja, na njia isiyo na ngazi katika kila kituo. Ukirudi magharibi, Southall, ni mji wa Wapunjabi: vitambaa, dhahabu, jalebi za moto, na hekalu kubwa la Masingasinga lililofunguliwa 2003. Na sikiliza vizuri dukani. Wahindi wengi wa Kenya walihamia Uingereza miaka ya 1967 na 1968, baadhi wakafanya makao huku magharibi mwa London, na si ajabu mzee nyuma ya kaunta akimsikia mamako anasema "ngoja kwanza" akamjibu kwa Kiswahili cha Nairobi cha zamani. Nimeona machozi kwa jambo dogo kama hilo.

Ukienda mashariki, chini ya mji, unatokea Whitechapel. Pale ubao wa stesheni umeandikwa Kibengali pia, tangu 2022. Ukitoka mlangoni uko sokoni: mbilimbi, bamia, samaki wa maji baridi, kanzu na mitandio. East London Mosque uko hatua chache tu. Kati ya mitaa hii miwili, kwa mtu wa goti bovu ningechagua Whitechapel, kwa kuwa kila kitu kiko mbele ya stesheni. Kwa mtu wa kupenda mazungumzo ningechagua Southall. Wewe wamjua mamako.

Siku ya kwenda Cardiff hamhami stesheni, na ndiyo sababu nimefurahi ulipochagua Paddington: treni za Cardiff huondoka papo hapo, na safari haifiki saa mbili. Tiketi hiyo inunueni mapema, maana hapo ndipo pesa huokolewa kweli. Fikeni nusu saa kabla, ila msisimame katikati ya ukumbi na umati unaokodolea ubao. Jukwaa hutangazwa dakika chache tu kabla ya kuondoka, na watu hukimbia. Mpeleke mama jukwaa la kwanza. Kuna sanamu ya askari wa vita vya kwanza vya dunia, koti kubwa begani, amesimama anasoma barua iliyotoka kwao. Mtafutie mama kiti karibu na hapo, masanduku miguuni pake, nawe peke yako utazame ubao. Jukwaa likitangazwa, usikimbie naye. Mabehewa ni mengi, na viti vyenu vimeandikwa nambari kwenye tiketi mkiwa mmeviweka. Mfikishieni mzazi salamu zangu.